Biashara ya vitabu ukiwa bado umeajiriwa: anza na dakika zako, mtaji utafuata

Mkuu, umeuliza hivi: una ajira ya kudumu, unatoka kazini jioni, nyumbani makabati yamejaa vitabu, unavipenda kweli, na unataka mapenzi hayo yaingize pesa bila kuacha kazi. Uanze na vitabu gani, na mtaji kiasi gani? Wengi waliotangulia kujibu wamekimbilia mtaji. Mimi naanza na muda. Mtu aliyeajiriwa anaweza kuongeza mtaji kila mwisho wa mwezi, lakini saa za jioni haziongezeki. Ukishajua una dakika ngapi kwa wiki, maswali mengine karibu yote yanapata majibu: ununue vitabu vya aina gani, vingapi, kwa bei ipi, na vitabu vipi uviache hata kama roho inavitaka.

Nitakaa zaidi kwenye vitabu vilivyotumika, maana ndiyo njia inayomfaa mtu mwenye mtaji mdogo na jioni chache. Vipya nitavigusa mbele.

Kitabu kimoja kilichotumika, tangu kinaingia mlangoni mpaka kinaondoka kwenda kwa mteja, kinakula muda hivi: kukikagua dakika 3, kukisafisha 4, kukipiga picha 3, kuandika maelezo na kukitangaza 4, kukipa namba na kukiweka rafuni 1, kukitafuta na kukifunga kikishanunuliwa 8, na fungu lake la safari ya posta au ya kumpelekea msafirishaji 3. Jumla dakika 26. Hapo hujajibu ujumbe wa mteja hata mmoja, wala hujaenda kununua mzigo. Ukijitengea saa 8 kwa wiki, toa 2 za kununua na kujibu wateja, zinabaki 6, yaani dakika 360. Gawa kwa 26, unapata vitabu 13 au 14 kwa wiki, kati ya 55 na 60 kwa mwezi. Huo ndio uwezo wako wote. Ukinunua vitabu 200 kwa mwezi kwa sababu vilikuwa bei ya kutupa, 140 vitalala kwenye maboksi, na mwezi ujao utaongeza vingine juu yake.

Sasa pesa. Chukua bei ya kuuzia iwe 100. Ukiuzia kwenye soko la mtandaoni la mtu mwingine, weka 15 kama kamisheni yake. Vifungashio 6. Usafiri wa kwenda kununua, ukigawanya kwa kila kitabu, 4. Kuna vitabu havitauzika kabisa, na vingine vitarudishwa. Tenga 10 kwa ajili hiyo. Zinabaki 65. Kitabu chenyewe usikinunue zaidi ya 25. Faida yako ni 40, na ndiyo malipo ya zile dakika 26.

Je, 40 hiyo inatosha? Pima kwa mshahara wako. Ajira ya saa 40 kwa wiki ni kama saa 173 kwa mwezi, yaani nusu saa 346. Gawa mshahara unaobaki mkononi kwa 346, hiyo ndiyo thamani ya nusu saa yako. Kizidishe kiasi hicho kwa 2.5, maana 100 ni mara 2.5 ya 40, na hapo una bei ya chini kabisa ambayo kitabu kimoja kinapaswa kuuzwa ndipo kistahili jioni yako. Miezi ya mwanzo, unapojifunza, kubali hata nusu ya bei hiyo. Baada ya hapo ishikilie, maana kitabu cha bei ndogo kinakula dakika zilezile 26 na kukuachia sarafu.

Vitabu vya bei ndogo vina dawa moja tu, nayo ni kuviuza kwa mafungu. Vitabu 5 vya watoto, vya umri mmoja, vikipigwa picha moja, vikiandikiwa maelezo mamoja na kufungwa kifurushi kimoja, havili dakika 130. Vinakula kama 45. Riwaya za mfululizo mmoja, vitabu 4 vya upishi, vitabu vya kujifunza lugha ileile: fikiria fungu tangu unaponunua. Kama kitabu cha bei ndogo hakioni mwenzake wa kufungana naye, kiache palepale.

Hapa ndipo mpenda vitabu anapotatizika, na nalisema kwa heshima kwa sababu mapenzi hayo ndiyo yatakayokufanya ujue thamani ambayo wengine hawaioni. Unanunua unachotaka kukisoma wewe. Weka mpaka unaoonekana kwa macho: rafu za biashara upande huu, za kwako upande ule, na kitabu kikivuka kutoka biashara kuja kwako, unakilipia bei uliyokinunulia, pesa inaingia kwenye akaunti ya biashara siku hiyohiyo. Usipoweka utaratibu huo, vile bora vyote vitaishia kwako na wateja watabakiwa na makapi.

Kuhusu nini cha kununua: tafuta kitabu ambacho mtu anakihitaji kwa jina lake. Vitabu vya ufundi (ushonaji, useremala, umeme wa majumbani, ufugaji), kamusi, sarufi, historia ya mahali fulani, vitabu vya lugha zenye wachapishaji wachache ambavyo havichapwi tena, vitabu vya kiada vya toleo linaloendelea kutumika, na fasihi inayofundishwa madarasani. Hivi mteja anavitafuta mwenyewe, humbembelezi. Riwaya iliyovuma miaka mitatu iliyopita ni kinyume chake. Nakala zake zimejaa kila mahali kwa sababu ilivuma, na walioitaka wameshaisoma.

Acha ensaiklopidia za mijalada 20. Ni nzito, na habari zake watu wanazipata kwenye simu. Acha vitabu vya programu za kompyuta za zamani, na juzuu ya pili isiyo na ya kwanza. Vitabu vya kiada viangalie kwa uangalifu mkubwa: siku mchapishaji anapotoa toleo jipya au mtaala ukibadilika, toleo la zamani linashuka thamani mara moja, na uliyejaza maboksi ndiye unayebeba hasara. Vitabu vya tiba na sheria vya matoleo ya zamani usimuuzie mtu kama vya kutumia kazini. Vipimo vya dawa hubadilika, sheria hurekebishwa, na kosa hapo linaumiza watu. Vikiuzwa, viuzwe kama historia, na uandike hivyo.

Mzigo mzuri hutoka kwa watu wanaohama, wastaafu wanaopunguza vitu, familia zinazogawa mali ya marehemu, ofisi zinazofungwa, maktaba zinazopunguza vitabu, na wanafunzi waliomaliza mitihani. Vya wanafunzi nunua mwisho wa mwaka wa masomo, uza mwanzo wa unaofuata. Ukiitwa kuangalia maktaba nzima ya mtu, usianze kuchambua kitabu kimoja kimoja mbele ya mwenye mali. Hesabu vitabu vya rafu moja, zidisha kwa idadi ya rafu, kisha chomoa kila cha kumi. Kama ni vitabu 200, umechomoa 20. Angalia katika hivyo 20 vingapi vinafika bei yako ya chini. Vikiwa 6, basi maktaba ina kama 60 vinavyouzika. Toa bei ya 60, na mkubaliane mapema kuhusu 140 vinavyobaki: ama vinabaki kwake, ama unavichukua kama huduma ya kumsafishia chumba, na hilo liwe limo ndani ya bei. Nyumbani, pekua kila kitabu kabla ya kukitangaza. Watu husahau barua, picha, vyeti hata noti ndani ya kurasa. Virudishe kwa wenyewe. Na kitabu chenye muhuri wa maktaba lakini hakina alama ya kwamba kimeondolewa rasmi, usikinunue.

Ukaguzi wa kitabu kimoja ni dakika 3, lakini ni dakika zenye kazi. Kishike kwa mgongo, kurasa zikiwa chini, ukitikise taratibu: karatasi zilizoachia zitajionyesha. Kifungue katikati na usikilize. Gundi kavu hutoa mlio wa kupasuka, na kitabu cha jalada laini kikishapasuka hapo kitaendelea kutoa karatasi kila kinaposomwa. Kinuse. Harufu ya unyevu haifichiki kwa mnunuzi. Angalia kurasa 10 za mwanzo na 10 za mwisho kwa majina, mihuri na michoro ya kalamu. Kisha pitia namba za kurasa kwa kidole. Vitabu vingi hutengenezwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32 yaliyokunjwa pamoja, kwa hiyo kosa la kiwandani haliondoi ukurasa mmoja tu. Utakuta 96 inafuatwa na 129, au fungu lilelile limeingizwa mara mbili. Vitabu vya watoto angalia pia vipande vya kuinua, stika na kurasa zilizopakwa rangi.

Ukurasa wa haki za mchapishaji usome mpaka chini. Mara nyingi utaona safu ya namba kama 10 9 8 7 6 5 4 3. Namba ndogo kuliko zote ndiyo inayoonyesha chapa, yaani kitabu kimechapwa mara ya ngapi, hapo ni chapa ya tatu. Kwa wakusanyaji, chapa ya kwanza ya kitabu kinachotafutwa ina thamani tofauti kabisa na ya tano. Kwa msomaji wa kawaida haijalishi. Ukiona maelezo kwamba nakala ni ya majaribio, si ya kuuzwa, iweke pembeni.

ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ni rafiki yako wa kumbukumbu. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13 na huanza na 978 au 979. Ya kabla ya hapo ina 10, na kitabu kilichochapwa kabla ya miaka ya 1960 hakiwi nayo kabisa. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikisha: zidisha tarakimu kwa zamu, ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, endelea hivyo mpaka ya 13, jumlisha, jumla lazima igawanyike kwa 10. Weka fomula hiyo kwenye jedwali lako la kompyuta, itakukamata kila unapokosea kuandika namba saa nne usiku na macho yamechoka. Lakini usiitumie kupimia kitabu bandia, kwa sababu wezi wa kazi za watu hunakili na ISBN. Bandia hujulikana kwa mambo mengine: picha ya jalada imefifia, maandishi yamepinda au yana weusi usiolingana kutoka ukurasa hadi ukurasa, kingo zimekatwa vibaya, gundi ni nyembamba. Usiuze hivyo, wala usiuze mafaili ya vitabu uliyopewa bure mtandaoni. Haki ya mwandishi haikomi kitabu kikiisha madukani. Mkataba wa kimataifa wa Berne unailinda kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeweka 70. Biashara inayoishi kwa vitabu haiwezi kuwanyonya wanaoviandika.

Usafi uwe wa kukauka. Brashi laini kwa kingo, kifutio cheupe kwa alama za penseli na uchafu wa vidole, kitambaa chenye unyevu kidogo sana kwa majalada yanayong'aa tu. Jalada la karatasi isiyong'aa likiguswa na maji linaacha doa. Stika ya bei ipashe moto kwa draya ya nywele sekunde 20 hadi 30, kisha ivute polepole ikiwa imelala karibu na jalada, usiinyanyue wima. Gundi iliyobaki ibonyeze kwa upande wa kunata wa selotepu, uvute, rudia mpaka iishe. Selotepu hiyohiyo usiitumie kamwe kuunganishia ukurasa uliochanika: gundi yake hugeuka njano, hupenya kwenye karatasi na kuharibu ukurasa wa pili. Karatasi iliyoachia irudishe kwa gundi nyeupe ya PVA, mstari mwembamba kabisa, weka karatasi ya nta pande zote mbili ili kurasa zisigandane, lundika uzito juu na uiache saa 24.

Kila mzigo mpya uutenge wiki mbili mbali na stoo. Wadudu wakionekana, funga kitabu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, vinginevyo umande utajikusanya kwenye karatasi. Baridi hiyo huua wadudu na mayai yao, lakini haiui vijimbegu vya ukungu. Kitabu chenye ukungu unaofufuka kila ukikiweka kwenye unyevu hakina nafasi kwenye biashara, hata kiwe adimu namna gani. Kimoja kinaweza kuambukiza rafu. Chenye harufu tu bila ukungu, kiweke ndani ya boksi linalofungwa pamoja na kikombe cha magadi ya kuokea (baking soda), visigusane, kwa wiki moja.

Stoo yenyewe: unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50, na ukipita 65 ukungu unapata nafasi, kipimo cha unyevu ni kifaa kidogo, kinunue kabla ya rafu nzuri. Rafu iache nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani hewa ipite, ya chini kabisa iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya sakafu. Mita moja ya vitabu ina uzito wa kilo 25 hadi 35, kwa hiyo ubao wa rafu usizidi sentimita 80 bila nguzo, utapinda. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 likijaa linafika kilo 20 na zaidi. Tumia madogo, mgongo wako unauhitaji kesho kazini.

Sasa jambo ambalo wapenda vitabu hulikataa mwanzoni: usipange kwa mwandishi wala kwa somo. Panga kwa namba ya kuingia. Kitabu cha 411, kando yake 412, hata kama kimoja ni mashairi na kingine ni ufugaji wa nyuki. Namba iandikwe kwa penseli ndani ya jalada la nyuma na kwenye jedwali. Mpangilio wa kialfabeti unakulazimisha kusogeza rafu nzima kila mzigo unapoingia. Mpangilio wa namba unaongezea mwisho tu. Tena unapata faida ya pili bila jasho: namba ndogo zilizobaki rafuni ndivyo vitabu vilivyokaa muda mrefu, unaviona kwa kutazama tu. Kikikaa miezi 3, punguza asilimia 20. Miezi 6, kiingize kwenye fungu. Mwaka, kitoe kwa shule, kwa wafungwa, kwa chumba cha kusubiri hospitalini, kifanye kazi yake huko. Stoo yote isizidi mauzo yako ya miezi sita.

Bei usiipange kwa kutazama wanaoomba. Tazama vilivyouzwa kweli. Kitabu kinaweza kutangazwa kwa bei kubwa kwa miaka mitatu, na sababu ni hiyohiyo, hakuna anayekinunua kwa bei hiyo.

Madaraja ya hali yawe manne tu: kama kipya, kizuri sana, kizuri, cha kusomea. Ukisitasita kati ya mawili, chagua la chini. Picha nne zinatosha: jalada la mbele, la nyuma, mgongo na kingo, na kasoro kubwa kuliko zote. Piga karibu na dirisha mchana wa Jumamosi, bila mwanga wa simu, vitabu 15 kwa mfululizo. Maelezo yawe na mwandishi, mchapishaji, mwaka, toleo, kurasa, aina ya jalada, kisha hali kwa maneno ya wazi, kwa mfano: "Jalada laini. Mgongo una mkunjo mmoja. Jina la mmiliki wa zamani kwa kalamu ya bluu ukurasa wa kwanza. Mistari ya penseli sura ya 2 na ya 3. Kurasa zote zipo, hakuna iliyochanika." Mteja aliyesoma hivyo harudishi kitabu. Anayerudisha ni yule aliyeandikiwa "hali nzuri" akakuta mistari ya kalamu, na kurudisha kunakula dakika kuliko kuuza.

Uzito ujue kabla ya kununua, si wakati wa kutuma. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina gramu 5, kwa hiyo ya A5 ni 2.5. Kitabu cha A5 chenye kurasa 300 kina karatasi 150, sawa na gramu 375, ongeza jalada. Chenye picha kwenye karatasi inayong'aa kinaweza kufika mara mbili ya hapo. Kwenye posta ya kimataifa, pakiti ndogo inaishia kilo 2, na kitabu kikubwa cha picha kinapita hapo kwa urahisi.

Kufunga: mfuko wa plastiki kwanza kwa ajili ya mvua, kisha vipande viwili vya boksi gumu vinavyozidi kitabu kwa sentimita 1 kila upande, tepu kuzunguka pande mbili, halafu karatasi ya nje. Ile sentimita 1 ndiyo inayookoa pembe. Bahasha yenye mapovu peke yake inazuia mikwaruzo, lakini kifurushi kikidondoka kwa pembe, pembe ya kitabu inakunjika. Ukimaliza cha kwanza, kidondoshe mwenyewe kutoka urefu wa mita 1, kwa pembe, ukifungue uone. Tuma siku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, na uziandike wazi ili mteja asikupigie Jumatano. Ujumbe ujibu kwa saa maalumu, mapumziko ya mchana na saa moja hadi saa mbili usiku, na majibu ya maswali yanayojirudia (bado kipo? unatuma vipi? bei ya mwisho?) yahifadhi kwenye simu tayari.

Kuhusu mwajiri, soma mkataba wako mahali panapozungumzia kazi za nje na mgongano wa maslahi kabla ya kutangaza kitabu cha kwanza. Kompyuta ya ofisi, printa yake, anwani yake na saa zake zisiguse biashara hata kidogo. Usiwauzie walio chini yako, hawana uhuru wa kukataa. Kama unafanya kazi shuleni, maktaba au kwa mchapishaji, mambo ni mazito zaidi: tamka biashara yako kwa maandishi, jitoe kwenye kila uamuzi wa kununua au kuondoa vitabu, na usichukue vitabu vinavyoondolewa hapo kazini bila kibali kilichoandikwa. Usajili na kodi vifuate sheria za unakoishi, na kumbukumbu zianze siku ya kwanza: tarehe, namba ya kitabu, bei ya kununua, ya kuuza, gharama. Safu tano, si zaidi. Akaunti iwe ya peke yake. Mshahara ukiingia kwenye biashara, uandike kama mkopo wako kwa biashara, na biashara iurudishe.

Vitabu vipya viingie baadaye, kwa njia mbili tu zinazomwezesha mwajiriwa kupumua. Ya kwanza ni oda: mteja analipa, ndipo unaagiza. Ya pili ni mali kauli, unachukua kwa mchapishaji au msambazaji, unalipa baada ya kuuza na kurudisha vilivyobaki. Punguzo la wauzaji mara nyingi liko kati ya asilimia 30 na 40, chini sana ya zile 75 zinazobaki kwa kila 100 ya kitabu kilichotumika kabla ya gharama, na kilichorudishwa kikiwa na mkunjo kinahesabiwa umekinunua. Kwa hiyo nakala ya kuonyesha iwe moja, nyingine zibaki kwenye karatasi zake. Oda kubwa za shule zinavutia, lakini malipo yanaweza kuchelewa miezi; usizipokee kwa pesa ya kodi ya nyumba.

Mambo yakienda vizuri, utafika ukomo wa dakika 360 kabla ya ukomo wa wateja. Hapo wengi huanza kufikiria kuacha kazi. Fikiria kwanza kutoa dakika 11 kati ya 26, zile za kutafuta, kufunga na kupeleka posta, umpe mtu umlipe kwa kila kifurushi. Kazi hiyo inaandikika kwenye karatasi moja: namba, mfuko, boksi, tepu, anwani, risiti. Wewe unabaki na dakika 15 kwa kitabu, na muda uleule wa wiki unabeba vitabu 24 badala ya 13. Malipo yake yatoke kwenye ile 40. Kama 40 haiwezi kumlipa na bado ikakuachia kitu, basi bei yako ya chini imelegea, ipandishe kwanza. Kununua na kupanga bei usimwachie mtu; hapo ndipo miaka yako yote ya kusoma inapoingia kazini.